Ardhi Iliyochimbwa Iulizwe Kwanza

Hatua ya serikali ya Tanzania ya kuligeuza eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi, Kahama, kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi imenirudisha kwenye miaka ambayo watu wa rika langu tumeishi tukizifuatilia habari za migodi, tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi leo. Mgodi ule ulianza uzalishaji 2009 na ukafungwa 2021. Ni jambo la kheri kwamba ardhi iliyokwisha kutoa dhahabu inaandaliwa kutoa ajira za viwandani. Buzwagi, hata hivyo, ina urahisi ambao maeneo mengine hayana: ilichimbwa na kampuni moja, kwa leseni inayojulikana, ikaacha michoro, vipimo na mpango wa ufungaji. Anayetaka kujenga pale anajua shimo liko wapi na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu, yamelazwa wapi. Sivyo ilivyo kwa maelfu ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yaliyosambaa Geita, Shinyanga, Mara, Chunya na kwingineko, wala kwa migodi ya kikoloni iliyofungwa zamani, kama ule wa Geita uliosimama 1966 au ule wa Rosterman, Kakamega, Kenya, uliofungwa 1952. Miji inakua kuelekea huko, na viwanja vinapimwa. Nikiyapanga matukio ya miaka hiyo yote jinsi yalivyofuatana, naona yanasema jambo moja: ardhi iliyowahi kuchimbwa inapaswa kuulizwa historia yake kabla haijagawanywa viwanja, na wajibu wa kuuliza ni wa anayeigawa, wala si wa maskini anayeinunua mwishoni.

Nianze na Mererani. Mwaka 1998, katika mvua za El Niño, maji yaliingia kwenye mashimo ya tanzanite na kuua makumi ya wachimbaji. Machi 2008 msiba ukarudi palepale, nao ukaondoka na makumi mengine. Wakati ule wengi wetu tuliyapokea matukio yale kama habari za mvua na za usalama kazini, na kweli yalikuwa hivyo. Ila ndani yake kulikuwa na fundisho kuhusu ardhi yenyewe. Maji yaliyoingia kwenye shimo moja yaliwafuata watu waliokuwa kwenye shimo jingine, kwa sababu njia za chini zilikuwa zimetobozana. Juu kulikuwa na mipaka, vigingi na leseni za wamiliki tofauti. Chini mipaka hiyo haikuwepo, kwa kuwa mchimbaji hufuata mkanda wa madini popote unapoelekea. Anayepima viwanja leo kwenye eneo la namna hiyo hawezi kuridhika kwamba ndani ya kiwanja chake hakuna mdomo wa shimo. Mdomo unaweza kuwa kwa jirani, mita nyingi kutoka hapo, na njia yake ikawa imepita chini ya mahali atakapoweka msingi. Ndiyo maana uchunguzi wa ardhi iliyochimbwa haufanywi kiwanja kwa kiwanja. Hufanywa kwa eneo zima, na mapema, wakati eneo hilo bado lina mchoro mmoja.

Shimo lililoachwa, tena, halibaki jinsi lilivyoachwa. Matimba yaliyoshikilia kuta yanaoza. Maji yanapenya na kulainisha udongo. Jiwe moja la dari linaanguka, kisha jingine, na uwazi uliokuwa chini sana unapanda kidogo kidogo kuelekea juu. Mwamba ulio juu yake ukiwa mnene, vifusi vinavyoanguka huchukua nafasi kubwa kuliko mwamba ulivyokuwa kabla haujavunjika, hivyo uwazi hujijaza wenyewe na kusimama. Ukiwa mwembamba, uwazi hufika juu. Kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza wahandisi wana kipimo cha kuanzia: unene wa mwamba ulio juu ukiwa chini ya mara 10 ya unene wa tabaka lililochimbwa, eneo lihesabiwe kuwa na hatari mpaka uchunguzi uthibitishe vinginevyo. Duara la dhahabu lina tabia nyingine, kwa kuwa kwa kawaida hushuka wima na mara nyingi hufukiwa kwa kifusi kilichotupwa tu bila kushindiliwa. Kifusi hicho hushuka mwaka hadi mwaka, huondolewa na maji, na siku moja hudidimia ghafla. Ardhi ya namna hii ni kama nguzo iliyoliwa na mchwa: sura yake haibadiliki mpaka iegemewe. Na mji unapofika ndipo ardhi inapoegemewa, si kwa uzito wa nyumba peke yake, bali pia kwa maji ya mapaa, ya makaro na ya vyoo vya shimo, yanayomwagwa mahali pamoja kila siku.

Mwaka 2010 ulileta fundisho la pili, na lilitoka mbali, jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria. Wachimbaji wadogo walikuwa wakiponda mawe ya dhahabu majumbani mwao, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi likatanda kwenye nyua walimochezea watoto. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Hapakuwa na shimo lililoporomoka wala kuta zilizopasuka. Udongo wenyewe ndio uliokuwa hatari, na matibabu hayakuweza kufaulu mpaka udongo wa kwenye nyua uondolewe na kuwekwa mwingine. Kabwe, Zambia, inatoa ushahidi huohuo kwa muda mrefu zaidi: mgodi wa risasi na zinki ulifungwa 1994, lakini risasi iliyobaki ardhini imeendelea kuingia kwenye damu za watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa. Kwetu, mwalo, yaani mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu, uliotumika miaka kumi unaweza kuwa umeachiwa zebaki, na mahali palipokuwa na karasha, mashine ya kuponda mawe, pakawa na vumbi la madini mengine yaliyokuja pamoja na dhahabu. Mahali hapo ni tambarare, pamesafishwa miti, pana barabara na pengine maji. Ni mahali anapopatamani kila mtafuta kiwanja. Kwa hiyo anayechunguza ardhi iliyochimbwa asitafute mashimo tu. Atafute pia palipopondwa mawe, palipochomwa zebaki, palipolazwa marudio, na maji yalipokuwa yakielekea.

Tukio la tatu lilitokea kwa ndugu zetu wa Kiswahili wa Kolwezi, Congo. Katika mtaa wa Kasulo, mwaka 2014, mkazi mmoja alichimba kwake na kukuta mawe yenye kobalti. Habari zikaenea, na muda si mrefu watu wakawa wanashuka chini ya nyumba zao wenyewe, chini ya vyumba na chini ya barabara. Hatimaye sehemu ya mtaa ilihamishwa ili eneo lifanywe machimbo. Tumezoea kufikiri kwamba mgodi huja kwanza na mji hufuata. Kasulo imeonyesha kwamba mpangilio unaweza kugeuka, na kwamba ardhi iliyopimwa leo ikaonekana salama inaweza kuacha kuwa salama madini yanapopanda bei. Ndiyo sababu rejesta ya mashimo ninayoipendekeza haiwezi kuwa waraka wa kuandikwa mara moja na kufungiwa. Inapaswa kuongezewa habari kila mwaka na watu wanaoishi pale, kupitia serikali ya mtaa au ya kijiji, kama tunavyotakiwa kuandikisha vizazi na vifo.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni matatizo ya nchi zisizo na kumbukumbu, na kwamba penye ramani hakuna shida. Gorebridge, mji mdogo wa Scotland, unawajibu. Nyumba mpya za halmashauri zilijengwa pale juu ya eneo lililochimbwa makaa ya mawe zamani. Kuanzia 2013 wakazi walianza kuugua. Ikagundulika kwamba kaboni dioksaidi ilikuwa inapanda kutoka kwenye machimbo ya chini na kuingia vyumbani, hewa isiyo na rangi wala harufu. Nyumba 64 zikabomolewa. Historia ya uchimbaji wa eneo lile ilikuwa inajulikana, na njia ya kuzuia hewa isipande, yaani utando maalumu unaotandikwa chini ya sakafu, ilikuwepo na haikuwekwa. Uingereza ni nchi ambayo tangu 1872 sheria ilimtaka mwenye mgodi wa makaa anayeuacha akabidhi ramani yake kwa serikali. Ina mamlaka maalumu ya urithi wa migodi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994 na kupewa jina jipya mwaka 2024. Nayo imeorodhesha midomo ya migodi zaidi ya 170,000. Anayenunua nyumba kwenye maeneo ya makaa huagiziwa taarifa ya mgodi na wakili wake kama jambo la kawaida. Fundisho la Gorebridge si kwamba mfumo huo ni bure. Fundisho ni kwamba ujuzi hauna kazi mpaka ufike kwenye uamuzi wa mjenzi, ukiwa na nguvu ya kumlazimisha.

Kisha ikaja Nyangalata, wilayani Kahama, Oktoba 2015. Mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka, watu wakafukiwa, na waliobaki juu wakakata tamaa. Baada ya siku 41 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai. Taifa lilishangilia, nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia, kwa haki kabisa. Lakini furaha ilipotulia swali lilibaki: iliwezekanaje watu wakae hai chini ya ardhi muda wote huo bila walio juu kujua walipo? Jibu ni kwamba hapakuwa na mchoro wa njia za chini. Ujuzi wa mgodi ulikuwa vichwani mwa waliouchimba, na haukuandikwa popote. Kama hali ilikuwa hivyo kwa mgodi uliokuwa unafanya kazi, wenye wamiliki na wachimbaji waliokuwa pale kila siku, tutegemee nini kwa mgodi ulioachwa miaka ishirini iliyopita, ambao wachimbaji wake walihama kufuata rashi nyingine ya dhahabu? Kwa maeneo mengi ya nchi hii, ramani pekee ya machimbo ya wadogo ni kumbukumbu za wazee waliowahi kushuka. Ramani hiyo inazeeka na kufa pamoja nao.

Afrika Kusini inatuonyesha mambo yanavyokuwa pale jamii inapochelewa. Mwaka 2009 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali wa nchi ile aliripoti migodi iliyotelekezwa 5,906. Karibu na Johannesburg na miji ya jirani, makazi ya watu maskini yamesogea mpaka kwenye midomo ya mashimo na vilima vya marudio. Februari 2017, Boksburg, mtoto wa miaka mitano alitumbukia kwenye shimo la mgodi ulioachwa karibu na mtaa wao, na waokoaji walikwamishwa na ardhi yenyewe iliyokuwa inaendelea kubomoka. Nakumbuka jinsi mjadala ulivyogeuka haraka kuwa wa nani alaumiwe kwa shimo lile. Mwenye mgodi wa awali alishaondoka siku nyingi, familia zilikuwa zimefika kwa kukosa pa kwenda, na mamlaka zilitazamana. Hapo ndipo wajibu usiopangiwa mwenyewe mapema hufikia: huwaangukia wazazi.

Uchunguzi ninaoutetea si fumbo wala si lazima uwe wa gharama kubwa tangu mwanzo, kwa sababu una ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya makaratasi: leseni za zamani na za sasa zilizoko Tume ya Madini, ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, picha za anga za zamani, na picha za satelaiti ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972. Ngazi ya pili ni miguu na masikio: kulitembea eneo kutafuta mabonde madogo yasiyo na sababu, vilima vya kifusi na majani yaliyoota tofauti na mengine, na kukaa na wazee wachimbaji wakaonyesha wenyewe mahali, huku pointi zikichukuliwa kwa simu. Ngazi ya tatu ni vipimo vya juu ya ardhi, kama kupitisha umeme ardhini kuona unavyokinzwa, na sampuli za udongo na maji za kupima risasi, zebaki na aseniki. Kuchoronga, ambako ndiko kwenye gharama, ni ngazi ya mwisho, na hufanywa tu pale ngazi za awali zilipoonyesha shaka. Matokeo yake si lazima yawe katazo. Shimo linaweza kujazwa ipasavyo, kufunikwa kwa zege lililotandazwa kupita mdomo wake, au kuachwa na kuzungushiwa nafasi; barabara na viwanja vikapangwa kulikwepa; shule na zahanati zikapelekwa kwenye ardhi iliyo thabiti.

Pingamizi la kwanza dhidi ya uchunguzi huu ni gharama. Wananchi wengi hujenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, na kuwaongezea gharama ya uchunguzi ni kuwasukuma wajenge kienyeji, nje ya mpango wowote. Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linalonifanya niseme kwamba gharama isiwe ya mjenzi mmoja mmoja. Ngazi mbili za kwanza zikifanywa mara moja kwa eneo lote, kabla ya mchoro wa mipango miji kupitishwa, gharama yake hugawanywa kwa viwanja mamia na kuwa ndogo. Kutokufanya nako kuna bei. Mji wa Picher, Oklahoma, Marekani, ulikaa juu ya migodi ya risasi na zinki. Uchunguzi wa 2006 ulionyesha kwamba asilimia 86 ya majengo yalikuwa juu ya uwazi wenye hatari ya kuporomoka. Serikali ililazimika kuwanunua wakazi wahame, na 2009 mji ukafutwa kama mji. Nchi tajiri iliweza kununua mji mzima. Sisi hatuwezi, kwa hiyo wenye sababu kubwa zaidi ya kuchunguza mapema ni sisi.

Pingamizi la pili husemwa na wenyeji: tumelima hapa miaka thelathini, tumefuga hapa, na hakuna kilichotokea. Wanasema kweli, na ushahidi wao usidharauliwe. Lakini shamba la mahindi na nyumba ya tofali havidai kitu kimoja kutoka ardhini. Shamba likididimia nusu mita mkulima hulizungushia mwiba. Msingi ukididimia nusu mita nyumba imekwisha. Ukimya wa miaka thelathini, kwa jinsi nilivyoeleza matimba yanavyooza na uwazi unavyopanda, hauthibitishi kwamba mwendo umesimama. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, ila hapa macho hayafiki panapohitajika kutazamwa. Wenyeji haohao waliolima miaka thelathini ndio wanaojua duara la fulani lilikuwa wapi na lilikwenda kina gani. Ushahidi wao ni wa thamani kubwa zaidi wanapohojiwa kuhusu mashimo kuliko wanapotumiwa kuhalalisha kutouliza.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: kutangaza kwamba eneo lina machimbo ya zamani kutashusha thamani ya mali za watu walioshajenga, kutawatia hofu, na pengine kutatumiwa kama kisingizio cha kuwaondoa bila fidia. Historia ya ardhi Afrika inatupa sababu ya kuichukulia hofu hii kwa uzito. Jibu langu ni kwamba habari ziandamane na ulinzi. Eneo lenye watu likichunguzwa, wajulishwe wao kwanza, kwa lugha yao, kiwanja kwa kiwanja. Anayeweza kubaki kwa kurekebisha mifereji, kuhamisha choo au kuziba shimo asaidiwe kubaki. Anayelazimika kuhama alipwe kwa mujibu wa sheria. Thamani inayosimama juu ya kutojua haiwakingi wenye nyumba. Inamkinga aliyekwisha kuuza, na hasara yake inamsubiri aliyenunua.

Kisheria hatuanzii sifuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa waziri uwezo wa kutangaza ardhi hatarishi, ile ambayo uendelezaji wake unaweza kuhatarisha maisha. Mifano inayotajwa ni kama maeneo ya mikoko, ardhi oevu, panapotupwa taka za hatari, na mita 60 kutoka kingo za mto. Machimbo yaliyoachwa yanastahili kutajwa kwa jina katika orodha hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini kwa miradi mikubwa, lakini nyumba ya kawaida ya familia haipitii huko, na ndizo nyumba nyingi zaidi. Pengo liko hapo, nalo linazibika kwa mambo mawili. Kwanza, mchoro wowote wa mipango miji au wa urasimishaji wa makazi katika wilaya za madini usipitishwe bila taarifa ya machimbo ya zamani, yenye sahihi ya ofisa aliyeiandaa. Pili, mchimbaji mdogo anayeacha duara akabidhi mchoro mwepesi: mahali lilipo, kina chake, njia zilielekea wapi, limejazwa nini. Uingereza iliwadai hilo wenye migodi ya makaa mwaka 1872, bila kompyuta wala satelaiti. Sisi tuna simu zinazopima mahali kwa mita chache.

Kazi ya kwanza, hata hivyo, haingoji sheria. Halmashauri ya Geita, ya Kahama, ya Chunya au ya Butiama inaweza kumwita mpima wake, ofisa madini na wazee wachimbaji wa kata, na kuanza kuweka pointi kwenye ramani wiki ijayo. Wazee hao walishuka kwenye mashimo haya wakiwa vijana, na hakuna mashine itakayoturudishia wanachokijua wakishaondoka. Kiwanja kinachouzwa leo bila wao kuulizwa kitabaki na jina la aliyekigawa kwenye hati. Huyo ndiye anayepaswa kuuliza, na muda wa kuuliza ni kabla ya kigingi cha kwanza.